Tusimlaumu Mama, Tuutazame Moyo wa Mtoto

Leo nataka tuzungumze habari za mtoto mchanga anayetokwa jasho akinyonya. Sisemi jasho la joto la mchana. Nasema jasho la asubuhi, wakati ukungu bado umefunika milima ya Uluguru, na watu wazima tumejifunga makoti na vitenge. Mama amekaa jikoni karibu na moto. Mtoto yuko ziwani. Paji lake la uso limelowa kama aliyepanda mlima na mzigo.

Mtoto huyo kweli amepanda mlima. Kwa mtoto mchanga, kunyonya ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kama moyo wake ni mgonjwa, utauona ugonjwa huo hapo, anaponyonya.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mtoto niliyemtibu mara tatu

Mimi ni tabibu msaidizi. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi aliletwa mtoto wa miezi miwili na nusu. Nilihesabu pumzi zake, zikawa nyingi. Niliandika homa ya mapafu, nikatoa dawa. Baada ya wiki mbili akarudi. Nikahesabu tena, nikaandika vile vile, nikatoa dawa ile ile. Mara ya tatu mama yake aliniambia, "Daktari, akianza kunyonya anatulia kidogo, halafu analia kama anayechomwa. Anaacha ziwa. Analowa jasho. Akiamka anataka tena ziwa." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio tu. Kadi ya kliniki ilikuwa mkononi mwangu. Mstari wa uzito ulikuwa umelala, haupandi. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Nikaandika homa ya mapafu.

Mtoto yule alifariki njiani alfajiri, juu ya pikipiki, mgongoni kwa mama yake. Moyo wake haukupimwa na mtu yeyote.

Lakini kijiji kilikuwa kimekwisha kata hukumu. Walisema mtoto amebemendwa. Walisema mama hakujizuia, au baba alitoka nje, na mtoto akaharibika. Baba aliona aibu, akaondoka. Mama alibaki na kaburi na jina baya. Mimi nilibaki na daftari lenye maandishi matatu yanayofanana.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza sana juu ya mioyo ya watoto. Haya ndiyo niliyojifunza, na haya ndiyo maoni yangu.

Moyo nao unakula

Sote tunajua kuwa moyo ni pampu. Unasukuma damu kwenda mwilini kote, kama mitambo ya Ruvu inavyosukuma maji ya milima yetu mpaka Dar es Salaam. Damu hubeba chakula na hewa safi iitwayo oksijeni.

Lakini watu wengi hawajiulizi swali hili: moyo wenyewe unakula nini?

Mtu angedhani moyo hunywa damu inayopita ndani yake. Sivyo. Kuta zake ni nene, na zinafanya kazi usiku na mchana. Moyo una mishipa yake miwili midogo, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Mishipa hiyo hutoka kwenye mshipa mkuu, mahali pale pale damu safi inapoanza safari ya kwenda mwilini. Hiyo ndiyo mishipa ya kwanza kabisa kupata damu.

Fikiri juu ya mpishi wa shughuli. Anapakua chakula cha watu wote. Lakini mpishi mwenye akili hula kidogo kwanza. Huo si uchoyo. Mpishi akianguka, wageni wote watalala na njaa. Moyo nao hujipakulia kwanza.

Mfereji uliochepushwa vibaya

Sasa sikiliza. Kuna watoto wachache sana wanaozaliwa na mishipa hii ya moyo ikiwa imekaa vibaya. Kuna aina kadhaa. Mbaya zaidi kwa mtoto mchanga ni hii: mshipa wa kushoto hautoki kwenye mshipa mkuu wa damu safi. Unatoka kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu. Damu hiyo imetoka mwilini, imechoka, bado haijapata hewa safi.

Wakulima wa bondeni watanielewa upesi. Ni kama mtu aliyechimba mfereji wa shamba lake, lakini badala ya kuutoa kwenye mto, ameutoa kwenye mtaro wa maji yaliyokwisha tumika.

Mtoto akiwa tumboni hapati shida. Mapafu yake bado hayafanyi kazi, na hewa yote hutoka kwa mama kupitia kondo. Damu ya mishipa yote miwili hutembea kwa nguvu zinazokaribiana. Anazaliwa mzima. Analia vizuri, ananyonya vizuri. Majirani wanakuja kumwona, wanasema ni mnono.

Lakini mtoto akishazaliwa, mapafu hufunguka. Siku hadi siku nguvu ya damu katika mshipa wa mapafu hushuka. Baada ya wiki kadhaa damu haina tena nguvu ya kuingia katika ule mshipa wa moyo. Baadaye yanatokea mabaya zaidi. Damu safi inayokuja kutoka upande wa kulia wa moyo kusaidia hurudi nyuma na kumwagikia kwenye mapafu. Mfereji sasa hauleti maji shambani, unayatoa. Upande wa kushoto wa moyo unakaa na njaa. Misuli inauma, inalegea, na moyo unavimba.

Ndiyo maana mtoto analia anaponyonya. Kazi imeongezeka, moyo unataka chakula zaidi, na chakula hakipo. Yale ni maumivu ya kifua yanayowapata wazee wenye ugonjwa wa moyo. Tofauti ni moja tu: mzee husema "kifua kinanibana," na mtoto hana maneno.

Habari hii si ngeni kwa wataalamu. Mwaka 1933 madaktari watatu wa Marekani, Bland, White na Garland, waliandika juu ya mtoto mchanga aliyekuwa akipatwa na maumivu kila alipolishwa maziwa. Mtoto huyo alifariki, lakini walioandika waliacha alama. Leo ugonjwa huu unatibiwa kwa upasuaji. Daktari huutoa ule mshipa mahali pabaya na kuushona kwenye mshipa mkuu. Mtoto akiwahi, misuli ya moyo iliyochoka mara nyingi hurudisha nguvu. Asipofanyiwa upasuaji, watoto wapatao 9 kati ya 10 hufa kabla ya kutimiza mwaka 1.

Kwa nini tunalaumiana

Ndugu msomaji, rudi kidogo nyuma. Nimesema mtoto huzaliwa mzima, halafu anaharibika baada ya wiki sita, nane au kumi. Hapo ndipo lawama inapozaliwa.

Wazee wetu walikuwa watazamaji wazuri. Waliona mtoto mnono anakonda bila homa na bila kuhara. Walitafuta sababu. Wakahesabu siku, wakaona ni wakati ule ule ambao mume na mke huanza kurudiana. Wakasema hiyo ndiyo sababu. Kuona kwao kulikuwa kwa kweli. Sababu waliyoitaja ndiyo haikuwa ya kweli.

Moyo wa mtoto hujengwa katika wiki nane za kwanza za mimba. Mara nyingi mama mwenyewe wakati huo hajajua vizuri kuwa ana mimba. Mshipa uliokaa vibaya ulikaa vibaya tangu wakati huo. Alilofanya baba au mama baada ya kujifungua haliwezi kuuhamisha mshipa.

Najua mtu atasema, "Sasa unawaruhusu watu wazini?" Hapana. Uaminifu katika ndoa ni jambo jema, na tena unatukinga na magonjwa mengi. Lakini tusitumie ugonjwa wa mtoto kuwa hakimu wa ndoa ya watu. Hukumu hiyo inaumiza mara mbili. Mama anayeogopa kuitwa aliyebemenda mtoto humficha mtoto wake. Haji kliniki kupima uzito, kwa sababu uzito utamsema. Na akifichwa wiki nne, moyo wake unaharibika wiki nne.

Mbona ugonjwa wenyewe ni wa nadra?

Mwingine atauliza, "Kwa nini gazeti linamaliza karatasi kwa ugonjwa wa nadra, na malaria bado ipo?"

Swali ni zuri. Ugonjwa huu wa mshipa wa kushoto humpata mtoto 1 hivi kati ya watoto 300,000 wanaozaliwa. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Piga hesabu. Utapata watoto wapatao 7 kwa mwaka katika nchi nzima. Huenda mimi nikastaafu bila kumwona hata mmoja.

Lakini hesabu haiishii hapo. Ukichukua magonjwa yote ya moyo ya kuzaliwa nayo, yaani matundu ya moyo, milango iliyobana na mishipa iliyokaa vibaya, humpata karibu mtoto 1 kati ya 100. Huyo si wa nadra. Huyo yuko katika tarafa yetu, pengine katika kitongoji chako. Na dalili nyingi zinafanana. Anayeamka kumtafuta mtoto mmoja wa nadra atawakuta na wale wengi. Asiyemtafuta hata mmoja atawapoteza wote, na wote watazikwa kwa jina la homa ya mapafu au la kubemendwa.

Dalili za kutazama

Mtazame mtoto wako kwa mambo haya:

1. Anatokwa jasho usoni na kichwani anaponyonya, hata kukiwa na baridi.
2. Ananyonya kidogo, anaacha, anahema, ananyonya tena. Anachoka kabla ya kushiba.
3. Analia kwa maumivu au anapauka wakati wa kunyonya.
4. Anapumua haraka hata akiwa ametulia na hana homa.
5. Uzito hauongezeki katika kadi ya kliniki.
6. Midomo, ulimi au kucha vinakuwa vya buluu au vyeusi kuliko kawaida.
7. Anatibiwa kifua mara kwa mara, anapata nafuu kidogo, kisha kinarudi.

Kuhesabu pumzi unaweza mwenyewe. Subiri mtoto atulie. Tazama tumbo lake, uwe na saa. Hesabu dakika 1 nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka 1, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi ni nyingi. Ukizipata hizo, usingoje kesho.

Watoto wakubwa nao wasisahaulike. Aina nyingine za mishipa iliyokaa vibaya hukaa kimya miaka mingi. Huko Marekani mchezaji maarufu wa mpira wa kikapu, Pete Maravich, alianguka na kufa uwanjani mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 40. Alipochunguzwa, ilionekana kuwa alizaliwa bila mshipa wa kushoto wa moyo. Alicheza miaka yote hiyo na hakuna aliyejua. Basi mwalimu, mwanafunzi akizimia au akilalamika kifua katikati ya mbio, usimwite mvivu. Mzazi, usikimbilie kusema ni mashetani. Mzuie kukimbia mpaka apimwe moyo.

Mtu akianguka ghafla, haitiki na hapumui, msimmwagie maji wala kumkalisha. Mlaze chali. Weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari.

Maoni yangu kwa kila mmoja

Kwa matabibu wenzangu wa zahanati. Homa ya mapafu inaua watoto wengi, na dawa ya kwanza ni halali yake. Usiache kuitoa. Lakini mtoto akirudi mara ya pili bila homa na uzito umelala, weka kalamu chini. Msikilize mama. Mvue mtoto nguo. Sikiliza moyo, gusa ini kama limevimba, na andika barua ya rufaa. Kuandika rufaa si kushindwa kazi. Mimi nilidhani ni kushindwa, na mtoto akafa.

Kwa kamati za zahanati na serikali za vijiji. Tunaomba mizani inayosema kweli na kile kipimo kidogo cha kidoleni kinachoonyesha oksijeni. Kipimo hicho hukamata baadhi ya magonjwa ya moyo. Hakikamati yote. Mtoto wa mshipa wa kushoto anaweza kuonyesha oksijeni nzuri. Kwa hiyo kipimo kisiwanyamazishe akina mama. Jasho na uzito navyo ni vipimo.

Kwa wajomba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti. Mjomba, usiitishe kikao cha kumhoji dada yako. Itisha kikao cha nauli. Mikungu ya ndizi na mananasi vinavyoshuka Mkuyuni kila siku ya soko vinaweza kumfikisha mtoto mjini.

Kwa baba. Nenda na mama. Mama akiwa peke yake hospitalini, na huku nyuma anasemwa, hurudi nyumbani kabla ya matibabu kwisha.

Kwa waganga wa jadi. Mnaaminiwa, na mtoto mara nyingi hupita kwenu kwanza. Mkimwona anayelowa jasho akinyonya, mwambieni mama aende zahanati siku hiyo hiyo. Hapo mtakuwa mmetibu.

Njia ipo

Zamani mtoto wa namna hii alingoja nafasi ya kupelekwa India, na wengi walifariki wakingoja. Mwezi Mei 2008 upasuaji wa kwanza wa kufungua moyo ulifanyika Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kazi hapo Muhimbili, na watoto wa Kitanzania wanapasuliwa moyo hapa hapa nchini.

Njia ni hii. Anza zahanati au kituo cha afya. Toka hapo na barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Wakiona haja watakuandikia kwenda Taasisi ya Moyo. Huko moyo hupigwa picha kwa mashine isiyoumiza, na mishipa huonekana ilikotoka. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hutoka Morogoro hadi Dar es Salaam kwa muda wa saa 2 hivi. Sehemu ngumu ya safari ni ile ya kwanza, ya kushuka mlimani. Usipokuwa na fedha za matibabu, usikae nyumbani kwa aibu. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini.

Mama mjamzito naye ana la kufanya. Aanze kliniki mapema, asinywe pombe, asinunue dawa ovyo, na kama ana kisukari akitibu. Watoto wapate chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014, kwa sababu rubela ikimpata mama mwenye mimba changa huweza kuharibu moyo wa mtoto. Lakini nasema wazi: mama anaweza kufanya yote hayo na bado akazaa mtoto mwenye moyo mgonjwa. Hana kosa.

Mama wa mtoto wangu wa kwanza bado namwona sokoni. Nilimwendea, nikamwambia mbele ya dada zake kwamba hakumuua mtoto wake, na kwamba mimi ndiye sikumsikiliza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wambie na wengine."

Ndiyo maana nimeandika.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini mtoto mwenye mshipa wa moyo uliokaa vibaya huonekana mzima anapozaliwa?
2. Katika kijiji chenu, mtoto akikonda watu husema nini kwanza? Maneno hayo humsaidia mama au humzuia?
3. Mhesabu pumzi mtoto aliyelala. Umepata ngapi kwa dakika 1?
4. Zahanati yenu ina mizani nzuri? Nani ataliuliza jambo hilo katika mkutano wa kijiji?
5. Mtoto akipewa rufaa leo usiku, nauli itatoka wapi?